Shukrani kwa kaka wa Bugembe

Kaka, jina lako sikulipata, ila shukrani hizi ni zako. Jumamosi ulinikuta kando ya barabara pale Bugembe, nje kidogo ya Jinja, Uganda, nikihangaika na pikipiki kuukuu ya magurudumu manne aliyoniachia marehemu baba. Ilikuwa imelala bandani msimu mzima wa mvua. Inawaka kwa choki tu, ile ya kupunguza hewa ili injini ipate mafuta mengi zaidi. Ukiirudisha choki, inazima. Nilishaambiwa ninunue kabureta mpya, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa.

Wewe ulilegeza skrubu ya chini ya kabureta, ukakinga petroli kwenye chupa angavu, ukanionyesha maji yaliyotulia chini. Ukachomoa jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, ukaiinua juani. Mwanga haukupita: utando wa petroli iliyochakaa. Ukaizibua kwa uzi mmoja wa shaba laini, maana waya mgumu hulipanua tundu. Hilo sikulijua kabisa! Ukazibua na kitundu cha kifuniko cha tangi, kwani tangi likikosa hewa mafuta hayashuki.

Hata pesa ya soda ulikataa. Siku hizi kabla ya kuilaza ninafunga koki ya mafuta na kuiacha injini imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta, kama ulivyoniagiza. Jana nimembebea mama ndizi kutoka shambani. Asante sana, ssebo (yaani bwana, kwa Kiganda).