Hal Roach naye atajwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Laurel na Hardy imenifurahisha sana, ila imeacha pengo moja. Haikumtaja kabisa Hal Roach, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu wa Marekani ambaye studio yake ndiyo iliyowalea wachekeshaji hao wawili.

Roach alizaliwa Elmira, New York, mwaka 1892. Alitafuta dhahabu Alaska kabla ya kufika Hollywood, akaanza kwa vijisehemu vidogo vya uigizaji, kisha akawa anamwongoza mchekeshaji Harold Lloyd. Alisisitiza kwamba kichekesho kiwe na hadithi, si watu kukimbizana na kuanguka tu. Itazameni The Music Box, filamu fupi aliyoitayarisha, chini ya uongozaji wa James Parrott, iliyoshinda tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 1932. Laurel na Hardy wanapandisha piano iliyo ndani ya sanduku kwenye ngazi ndefu. Jasho linawatoka, kisha sanduku linawaponyoka na kuporomoka hadi barabarani. Unajua litaporomoka tena, na bado mbavu zinakuuma kwa kicheko. Kujua kusubiri hivyo ni ufundi, na nyuma yake yupo mtu aliyeugharamia na kuuamini. Roach alitunukiwa Oscar ya heshima mwaka 1984, akafariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 100.

Naomba kila mnapoandika kuhusu filamu, jina la mwongozaji na la mtayarishaji yawekwe pamoja na ya waigizaji. Mnaweza kuanza na wasifu wa Roach katika ukurasa wenu wa burudani.

Msomaji wenu,
Morogoro