Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sheria Ipo, Karatasi Zi Wapi?

Ndugu wanachama, mabibi na mabwana, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Bi mweka hazina amekwisha kuwasomea hesabu, na katibu amesoma kumbukumbu za mkutano uliopita, basi sitarudia ya kwao. Mwaka 2024 kamati yenu ya wafanyabiashara wadogo wa Mombasa ilitumia muda wake mwingi kwenye jambo moja: sheria zinazomlinda muuzaji mdogo na msambazaji wa bidhaa, na kwa nini zinatupita kando ingawa ziko. Nitalisema kwa urefu, kwa sababu ndilo linalokula mitaji yetu.

Mwanachama mwenzetu kutoka Kisauni, mama anayepika achari ya maembe na ya ndimu, alitujia na kikapu chake. Ndani mlikuwa na daftari la mistari, simu yenye jumbe za maagizo, na karatasi chache za kupokelea mzigo, nyingine zimepigwa muhuri, nyingine hazina hata sahihi. Duka kubwa lilikuwa likichukua achari yake kwa ahadi ya malipo baada ya siku 30. Pesa zilimfikia baada ya miezi minne, tena zimekatwa "za promosheni" ambayo yeye hakuulizwa wala hakuiona. Kisha akarudishiwa chupa zilizopitwa na tarehe, zile zile zilizokaa kwenye rafu za duka, akaambiwa hasara ni yake. Alipouliza, akajibiwa kwamba kama hataki, wauzaji wa achari ni wengi.

Tulikaa naye tukafungua sheria, na nataka kila mmoja wenu ajue tulichokiona. Sheria ya Ushindani, Namba 12 ya 2010, ilianza kufanya kazi Agosti 2011. Ndiyo iliyoondoa ile sheria ya zamani ya ukiritimba na udhibiti wa bei, na ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mwaka 2016 Bunge liliongeza katazo kwa mnunuzi anayetumia vibaya nguvu zake, na 2019 likalinoa kwa kifungu cha 24A. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kumo. Kumtwika msambazaji hasara za biashara ambazo zilipaswa kubebwa na mnunuzi kumo. Kumdai alipie promosheni au kuwekwa kwenye rafu, kurudisha bidhaa isivyo haki, kuvunja mkataba bila notisi ya kutosha: yote yamo. Mamlaka inaweza kutoza hadi asilimia 10 ya mauzo ya mkosaji ya mwaka uliotangulia. Kisa cha mama wa achari kimeandikwa humo karibu chote, kana kwamba aliyeitunga sheria alikuwa amesimama nyuma yake pale mlango wa kupokelea mizigo.

Lakini angalieni ni nani waliokwisha kuitumia sheria hiyo wakafika mbali. Mwaka 2020 Mamlaka iliamua malalamiko ya Orchards, kampuni inayotengeneza mtindi, dhidi ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour hapa nchini, na Aprili 2021 Jopo la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Mamlaka, likaunga mkono uamuzi huo. Faini yenyewe ilikuwa ndogo, shilingi 124,768, kwa kuwa ilipimwa kwa biashara ya msambazaji yule mmoja. Desemba 2023 kampuni hiyo hiyo ilitozwa shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya Woodlands, wauza asali, na Pwani Oil, ambao ni wenzetu wa huku pwani. Iliagizwa pia irudishe makato iliyochukua na irekebishe mikataba yake na wasambazaji. Kutoka laki moja na ushei hadi zaidi ya bilioni moja ndani ya miaka michache ni safari kubwa, na mimi naihesabu kuwa ushindi kwa kila anayepeleka katoni mlangoni kwa mnunuzi mkubwa.

Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walikuwa na mikataba iliyoandikwa. Makato waliyoyapinga yalikuwa yanasomeka, yana asilimia na tarehe, na Mamlaka ilikuwa na kitu cha kushika mkononi. Sheria yenyewe inataka mkataba wa namna hiyo utaje masharti ya malipo, tarehe ya kulipa, riba ya kuchelewa, na jinsi mkataba utakavyobadilishwa au kuvunjwa. Nani kati yetu hapa ana mkataba wenye mambo hayo? Tumezoea kupeana kwa mdomo, kwa kuaminiana, na uaminifu ni jambo jema la mji huu. Ila meneja wa ununuzi akihamishwa, huondoka na maneno yake.

Kamati imefanya kazi ya kuandika nakala ya mkataba mfupi wa kurasa mbili, kwa Kiswahili. Mwanachama atajaza jina la bidhaa, bei, siku za kulipa na nani atabeba hasara ya bidhaa iliyolala dukani. Nakala zipo mezani kwa katibu. Na kila mzigo unaoshushwa, dai muhuri na sahihi kabla kijana wako hajaligeuza toroli.

Nije kwenye jambo la milango, yaani ofisi ipi ya kubisha hodi, maana hapa ndipo tulipopoteza wakati mwingi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imempa serikali kuu kazi ya kumlinda mtumiaji wa bidhaa, na kaunti imepewa masoko, leseni za biashara na mwenendo wa haki katika biashara. Kwenye karatasi mpaka huo unaeleweka. Pale sokoni Kongowea hauonekani. Wanachama wetu wa viazi walilalamikia lumbesa: gunia linashonewa kofia juu, mnunuzi wa jumla analipa bei ya gunia moja, mkulima na mchuuzi wanagawana hasara. Kanuni za viazi za 2019 zimesema gunia lisizidi kilo 50. Tulipeleka barua ofisi moja, tukaambiwa hilo ni la ofisi nyingine. Ile nyingine ikaturudisha tulikotoka. Mwishowe aliyetusikiliza ni afisa wa vipimo aliyekuja sokoni mwenyewe na mizani yake, akapima magunia mbele ya watu. Siku hiyo hakuna aliyebishana. Naamini kabisa kwamba mizani moja inayozunguka sokoni kila wiki ingefanya zaidi ya barua zetu zote, na tumeiandikia kaunti tukiomba hivyo.

Kuhusu mahakama, wapo wanachama waliotutaka tukimbilie Mahakama Kuu moja kwa moja. Nawaelewa, kwa sababu Mombasa tuna kesi ya kujivunia. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yote yanayokwenda bara yapande reli mpya ya kisasa, SGR, hadi Nairobi yakatolewe ushuru huko. Mliokuwa na gereji Changamwe, hoteli za chakula Miritini, malori, mabohari na kazi za kuclear mizigo, hamhitaji kuelezwa kilichofuata. Wakazi walikwenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ikaamua kwamba maagizo yale yalikiuka Katiba, umma haukushirikishwa inavyotakiwa na Ibara ya 10, wala utaratibu wa haki wa kiutawala wa Ibara ya 47 haukufuatwa. Septemba 2022 Rais Ruto, alipoapishwa, alitangaza shughuli hizo zirudi Mombasa.

Uamuzi ule una sehemu nyingine ambayo haikuimbwa barabarani. Mahakama ilieleza kwa kirefu kwamba mtu mwenye lalamiko lililowekewa njia yake kisheria hana budi kuimaliza njia hiyo kwanza, isipokuwa pawe na sababu ya pekee. Kesi ya bandari ilisikilizwa kwa kuwa iligusa haki za kikatiba za watu wengi. Sehemu hiyo sasa hunukuliwa na mahakama kila mara, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inasema vivyo hivyo. Maana yake kwetu ni kwamba deni la achari halitaingia Mahakama Kuu kwa kuitwa suala la kikatiba. Litaanza kwa Mamlaka ya Ushindani. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 kukata rufaa kwa Jopo, na kutoka hapo ndiyo Mahakama Kuu. Anayeruka hatua hutupwa nje na gharama juu yake.

Kwa madai madogo ya pesa kuna mlango mwingine ambao nauona bora kuliko yote kwa watu wa kiasi chetu: Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ya mauzo ya bidhaa, huduma, pesa zilizoshikiliwa na uharibifu wa mali inayohamishika. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, wala haijifungi kwa kanuni ngumu za ushahidi. Mwanachama wetu mmoja wa samaki, aliyekuwa akidai hoteli ya huko kusini pesa za kamba na ngisi, alikwenda na risiti zake na jumbe za simu zilizochapishwa. Hoteli ililipa kabla kesi haijasikilizwa.

La benki nitaligusa kwa ufupi. Juni 2024 Mahakama ya Upeo iliamua, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, kwamba benki haiwezi kupandisha riba ya mkopo bila idhini ya Waziri wa Fedha chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki. Na tangu 2007 kifungu cha 44A kinazuia riba ya mkopo uliokwama isizidi deni la msingi lililokuwapo ulipokwama. Mwenye barua ya benki asiyoielewa amwone katibu. Kwa wale wa mikopo ya simu: Desemba 2024 sheria imepanua mkono wa Benki Kuu ufikie wakopeshaji wengine wasiopokea amana, na mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayelinda taarifa binafsi za watu, alimtoza mkopeshaji mmoja wa simu karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu bila ridhaa yao. Wakiwapigia jamaa zenu kuwaaibisha, hilo ni kosa, na hupaswi kunyamaza kwa haya.

Sasa nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, ulinzi wa afya na mali yake, na fidia akidhurika. Haki hiyo inamhusu pia anayenunua kwetu. Nimepita mabanda ya wanachama nikaona mafuta ya kupikia yaliyomiminwa kwenye chupa bila jina wala tarehe, viungo vya pilau vilivyochanganywa na unga, na manukato yenye jina la kampuni ambayo haikuyatengeneza. Anayefanya hivyo anavunja sheria ile ile tunayoililia, na siku tutakapoketi mbele ya Mamlaka tukilalamika, upande wa pili utaweka chupa hizo mezani. Kamati imekubaliana kwamba haitamsindikiza popote mwanachama ambaye bidhaa zake hazina lebo ya kweli.

Kuhusu mageuzi yanayokuja, Mamlaka imetoa rasimu ya mswada wa 2024 wa kurekebisha Sheria ya Ushindani. Inataka kuyaingiza masoko ya mitandaoni waziwazi, na kulipanua suala la nguvu za mnunuzi liwe la yeyote mwenye nguvu kubwa zaidi katika makubaliano. Nimeisoma nikiwafikiria wanachama wetu wanaouza madera na viatu kupitia programu za simu, ambako mwenye jukwaa anaweza kupandisha kamisheni usiku ukaamka nayo asubuhi. Tunaiunga mkono rasimu. Tulichosisitiza katika maoni yetu ni hofu. Msambazaji mdogo akilalamika leo, kesho jina lake limeondolewa kwenye orodha ya duka, na familia haiwezi kusubiri uamuzi. Tumeomba sheria imlinde mlalamishi dhidi ya kulipizwa kisasi, iruhusu chama kulalamika kwa niaba ya wanachama bila kuwataja, na ofisi ziwe karibu na tulipo. Mama wa achari mpaka leo hajaandika lalamiko lake rasmi kwa hofu hiyo hiyo. Simlaumu hata kidogo.

Ninayo maombi mawili kwa mkutano huu. La kwanza, ada ya mwaka iongezwe kiasi kitakachopendekezwa na Bi mweka hazina, nyongeza yote iwekwe kwenye mfuko wa kuchapisha mikataba, nauli za kwenda kusikilizwa na ada za Mahakama ya Madai Madogo. La pili, chama kiidhinishwe kuandika lalamiko moja la pamoja kwa Mamlaka ya Ushindani kuhusu ucheleweshaji wa malipo, wenye mikataba na karatasi zilizopigwa muhuri wakitangulia, na wengine waingie kadiri karatasi zao zinavyokamilika. Katibu ana daftari la kuandikisha majina pale mlangoni. Tutapiga kura kwa mikono, ombi la kwanza kwanza.