Watu wa Ukerewe msiwagawanye kwa maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala yenu ya wilaya za visiwani. Mwandishi ameandika kwamba wilaya yetu ya Ukerewe, huku Ziwa Victoria, ina watu 60 hivi kwa kila kilometa ya mraba. Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena, kisha nikamwita mjukuu anisomee. Ni 60 kweli.

Hesabu yenyewe haina kosa. Wilaya ina kilometa za mraba 6,400, na Sensa ya 2022 ilitukuta tumepita watu 387,000. Ukigawanya unapata 60 na kitu. Kwa hesabu hiyo sisi tumeachiana nafasi kuliko Watanzania wengine, maana wastani wa nchi nzima ni watu 70. Msomaji aliyeko Dodoma atadhani huku yapo mapori yanasubiri jembe. Kumbe katika hizo 6,400, nchi kavu ni kama 640 tu, sehemu moja ya kumi. Nyingine yote ni Ziwa Victoria. Gawanya upya kwa nchi kavu, utapata watu 600 na ushei. Mwandishi wenu ametumwaga majini.

Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, kwa hiyo mnisamehe nikishika chaki tena. Kisiwa kikubwa, chenye jina la wilaya, kina kilometa za mraba 530 hivi, na Afrika nzima hakuna kisiwa cha ziwani kinachokizidi. Wilaya ina visiwa 38, lakini vyenye wakazi wa kudumu ni 15. Toeni 530 kwenye 640 muone kinachobaki kugawiwa visiwa vingine vyote. Sehemu kubwa ya hicho kilichobaki ni Ukara.

Na Ukara ndiyo ilistahili makala. Kisiwa hicho hakifikii kilometa za mraba 100, kimejaa mawe makubwa, na watu wamekaa humo kwa kubanana tangu enzi za mababu. Wakara walijua kufugia ng'ombe ndani na kuwakatia majani kabla hatujaletewa semina za ufugaji wa kisasa. Samadi inabebwa hadi shambani, na shamba halipumzishwi kwa sababu hakuna lingine la kuhamia. Maofisa kilimo wa Kiingereza walikuwa wanakwenda kulishangaa jambo hilo tangu miaka ya 1930. Mtu hachimbii samadi kwa bidii ya namna ile mahali penye nafasi.

Ipo namba nyingine ambayo mwandishi ameipita. Mwaka 2012 tulihesabiwa watu 345,000 na kidogo. Kwa miaka kumi tumeongezeka kama asilimia 12, wakati nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 35. Wakerewe, Wajita na Wakara hawajaacha kuzaa, nawahakikishia. Mimi baba yangu aliniachia ekari tatu. Nina watoto wanne: mmoja yuko hapa, wawili wako Mwanza mjini, mmoja Geita. Ningewagawia nini? Mihogo na michungwa haioti juu ya maji. Ukipita vijijini utayasikia hayo hayo kila nyumba, na naamini ndiyo sababu kubwa ya namba ile kuwa ndogo.

Sisemi maji hayana watu. Yanao, ila wanahama. Visiwa vile visivyo na wakazi wa kudumu vina kambi za wavuvi, na kambi hujaa na kupungua kwa kufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika, wengine wanarudi makwao. Usiku wa sensa, kuamkia Agosti 23, 2022, mwezi ulikuwa umebakiza siku nne uandame. Giza lenyewe hilo! Mtu wa Musoma aliyekuwa kambini kwetu siku ile, baada ya wiki mbili tatu huenda alishakuwa kwao. Hapo mwandishi angepata habari nzuri kuliko kugawanya.

Wala maji hayakai mahali pamoja. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mialo mingi, pale mitumbwi inapotia nanga, ikamezwa. Zile 640 zenyewe si za kuamini sana.

Mtaniuliza inaumiza nini, namba moja gazetini. Inaumiza kwa sababu namba hupanda meza. Anayepanga zahanati, walimu au kivuko huanza na swali la watu wangapi wako wapi, na akiona 60 atatuweka pamoja na wilaya za wafugaji, ambako tatizo ni umbali. Kwetu umbali upo na msongamano upo, vyote viwili. Septemba 20, 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kwenye kisiwa kikubwa. Kivuko cha MV Nyerere kiliondoka pale kwenda Ukara, kikapinduka karibu kabisa na gati. Kivuko kilikuwa cha kubeba watu 101. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 228. Sitaki kuliongeza hilo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkiandika tena juu ya wilaya ya visiwani, wekeni namba mbili, eneo lote na nchi kavu, kisha gawanyeni kwa ile ambayo watu wanalala juu yake. Wenzetu wa zamani walikosea kinyume chenu: ziko ramani za Wazungu za karne ya 19 zilizoliita ziwa zima Ukerewe, kana kwamba kisiwa ndicho kililibeba.

Tukiwa kwenye ramani, ile mliyoiweka pembeni ya makala haina Ukara. Iko kaskazini ya kisiwa kikubwa. Pale mlipoandika jina la mchoraji.

Mwalimu mstaafu,
Nansio, Ukerewe