Shangazi, ukifika Salem usiishie kwa wachawi

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi mno kusikia viza imetoka. Uliniambia kwenye simu kwamba ukishafika Boston unataka nikupeleke "ule mji wa wachawi", yaani Salem, kaskazini mwa Boston. Nitakupeleka kwa moyo mkunjufu. Ila nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa wengi wa nyumbani wanaokuja huku huniuliza hilohilo, na wanarudi hawajakiona kilichopo.

Kwanza, twende Septemba, isiwe Oktoba. Oktoba nzima mji hufurika watu waliovaa kofia nyeusi zilizochongoka, hata pa kuegesha gari hupati. Mwaka wangu wa kwanza nilienda Oktoba, nikapanga foleni saa nzima, nikatoa dola zangu, nikaingizwa kwenye chumba cha giza kutazama masanamu. Niliumia. Sisi tutapanda treni pale North Station, Boston. Nusu saa hivi tumefika, na kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni mwendo ambao hata goti lako litauweza. Vaa viatu visivyo na kisigino, maana njia za matofali zimeinuka huku na kule.

Wachawi hawakuwepo, Shangazi. Mwaka 1692 walinyongwa watu 19 kwa tuhuma za uchawi, wanawake 14 na wanaume 5, na mzee mmoja, Giles Corey, akalundikiwa mawe kifuani mpaka akafa. Majirani ndio walioshtakiana. Wewe uliyefanya kazi Shinyanga enzi zile vikongwe wakiuawa kwa kuwa na macho mekundu, huhitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana nataka tuanzie kwenye ukumbusho wao, kando ya makaburi ya kale ya Charter Street. Ni ua mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe, na mabamba 20 yamechomoza ukutani kama vibaraza. Kila bamba lina jina la mtu, siku aliyouawa na jinsi alivyouawa. Watu huacha maua, wengine sarafu. Pale pa kuingilia tembea polepole: maneno yao ya kujitetea yamechongwa chini kwenye mawe, na ukuta umeyakata katikati, hayaishi. Nilisimama pale nikashindwa kuvuka.

Tukitoka hapo twende Derby Wharf, gati la zamani la meli, na huku ndiko ninakotaka tukae sana. Unakumbuka bibi alivyokuwa akikiita kile kitambaa kigumu ambacho hakijapaushwa? Marekani. Jina hilo lilisafiri na meli za huku. Mabaharia wa Salem walileta Unguja majora ya pamba, wakarudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Sayyid Said, sultani wetu wa Unguja, aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza Unguja, mwaka 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilikuja kuoshwa hapa kabla ya kugeuzwa vanishi ya samani za watu. Na tusisahau mabega yaliyobeba mali hiyo: pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na kwetu karafuu zilichumwa na watumwa pia. Majumba makubwa utakayoyaona mtaani yamesimama juu ya jasho hilo, nami kila nikiyapita naliwaza.

Usiruke makumbusho ya Peabody Essex. Chanzo chake ni chama cha manahodha cha mwaka 1799. Hukuwa mwanachama mpaka uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, au Rasi ya Horn, kusini mwa Amerika. Wao ndio wenye picha ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York na meli ya Sultana mwaka 1840. Tutauliza mapokezi kama siku hiyo imetundikwa. Angalia pia siku wanazofungua, si kila siku.

Gati lenyewe ni refu, zaidi ya nusu kilomita, na mwisho wake kuna mnara mdogo mweupe wa taa wa mwaka 1871. Upepo wa kule ni mkali hata jua likiwaka, kwa hiyo sweta liweke juu kwenye begi. Na kama kile kipande cha marekani cha bibi bado kimo kabatini, nakuomba uje nacho. Nataka tukishike pale gatini, mimi na wewe.