Mwanangu, "Sijambo" Yako Hainitoshi

Kalemie, Kongo, Jumapili jioni, Februari

Mwanangu mpenzi,

Barua hii nimempa mwinjilisti anayevuka Ziwa Tanganyika kesho kutwa kwenda Kigoma, naye ataituma kwa basi hadi Moshi, ili Bibi akuletee siku ya kutembelewa. Kama ningetaka kukusalimu tu, simu ingetosha, lakini niliyo nayo moyoni hayasemeki kwa dakika tano za simu ya matroni, huku wenzako wamepanga foleni nyuma yako.

Bibi ameniambia. Usimlaumu, kwa maana nilimbana mwenyewe baada ya kusikia sauti yake ikisitasita nilipomuuliza habari zako. Amesema ulilazwa zahanati siku nne kwa malaria, ukachomwa sindano, kisha ukapewa dawa mseto, na kwamba matroni alipokuuliza kama wazazi wako wana habari, ulimjibu kuwa umekwisha kutujulisha. Jumapili ya wiki ileile, ukiwa umetoka kitandani jana yake tu, ulinipigia. Nilikuuliza kama hujambo, ukajibu, "Sijambo mama, tunamshukuru Mungu, baba hajambo?" Nikafurahi, nikamwambia baba yako kwamba mtoto ni mzima, nikaenda kulala. Usiku ule nililala usingizi mzuri, na ndilo jambo linaloniuma mpaka leo.

Najua sababu yako, kwa kuwa Bibi amenieleza hiyo pia. Ulisema hutaki kututia wasiwasi tukiwa katika kazi ya Mungu. Mwanangu, kazi ya Mungu haikuwahi kutudai mtoto asiyeumwa. Nani alikufundisha maneno hayo? Nimejiuliza swali hili wiki nzima nikiwa jikoni, na sipendi jibu ninalolipata.

Ya Namanyere unayakumbuka kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Nitakuambia tu kile ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa umekwisha kulala. Jioni ile, baada ya kanisa kuwekwa wakfu, akina mama wa usharika walinifuata mmoja mmoja wakinisifu kwamba mtoto wangu ameimba kwaya yote, nyimbo sita, akiwa na homa, wala hakulia. Nami nilipokea sifa zile. Nilisema kuwa ndivyo tunavyowalea. Ulikuwa na miaka minane.

Umenisikia? Ukiumwa, sema unaumwa. Ukiwa na njaa, ukiwa na huzuni, ukichukiwa na mwenzako, ukishindwa kulala, sema. Usimwambie Bibi peke yake, naye amezeeka na moyo wake si wa kubebeshwa siri. Niambie mimi.

Umezoea kuwa mgeni, hilo nalijua. Shule tano za msingi si mchezo, na kila ulipofika mpya ulikuwa mtoto wa mchungaji kabla hujawa mtu mwenye jina lake, ukawa unatabasamu kwanza kisha ndipo unajifunza majina ya wenzako. Watu walikuwa wakisema jinsi unavyozoea upesi, nami nikaamini kwamba kuzoea ni furaha. Baba yako ana imani hiyo hadi leo, usimkatishe tamaa. Lakini hata yeye, nilipomwambia habari ya zahanati, alitoka nje akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha mpaka giza likaingia.

Unajua jinsi anavyopenda kupeleka wageni Ujiji na kuwasimulia habari ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta misionari Livingstone, na ile miembe. Umeyasikia mara nyingi kiasi kwamba ungeweza kuyasimulia wewe. Mimi kila niliposimama pale nilikuwa nikimfikiria mke wa Livingstone, Mary, aliyepandishwa meli Cape Town mwaka 1852 na watoto wanne kurudi Uingereza ili mumewe aendelee na safari zake, naye hakumwona tena hadi mwisho wa mwaka 1856. Mtoto wao wa kwanza, Robert, alipokuwa kijana alisafiri hadi Natal akitaka kumfikia baba yake, asimfikie. Akaenda Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akajiandikisha jeshini kwa jina la Rupert Vincent, akafa akiwa mfungwa wa vita huko North Carolina mnamo Desemba 1864, akiwa na miaka 18. Baba yako hasimulii sehemu hiyo, na simlaumu, kwa maana wageni huwa hawaiulizi. Lakini tangu Bibi aniambie habari zako, jina lile la kuazima halinitoki kichwani. Mtoto wa misionari alikufa ugenini, kwa jina ambalo halikumtaja baba yake.

Wewe hujabadili jina, najua. Umebadili habari zako tu. Nakuomba usifanye hivyo tena.

Nikigeukia masomo, ripoti yako tumeipokea. Umekuwa wa tatu katika darasa la wanafunzi 52, na Kiswahili umewashinda wote. Niliisoma kwa sauti mbele ya mdogo wako na mama jirani, na mama jirani akanishika mkono kana kwamba mtihani nimeufanya mimi. Hisabati umepata 41, na hapo sitakusifu. Kama mazoezi ya kwaya yanakula saa za kujisomea jioni, mwambie mwalimu wa kwaya kwamba mama yako amesema upunguze siku moja. Usione haya. Kumbe hata hilo ulikuwa unalijua mwenyewe, na ulikaa kimya ili asiudhike.

Dawa mseto uliyopewa, ulimaliza siku zote tatu au uliacha ulipopata nafuu? Nijibu ukweli. Na chandarua chako usimpe mtu, hata kama ni rafiki, hata kama yeye hana na umemwonea huruma. Bibi anasema uliugua wiki ya pili tu baada ya shule kufunguliwa, maana yake huenda mbu aliyekuuma ni wa huku kwetu, zile siku za mwisho za likizo, tulipokuwa na wale wageni kutoka Moba. Nyumba ilikuwa imejaa na vyandarua havikutosha. Nimenunua vingine viwili, kimoja kimefungwa juu ya kitanda chako tayari, na nimemwambia baba yako kwamba hicho hakigawiwi, hata aje askofu.

Kuhusu likizo ya Juni, Bibi ananiambia umesema hutakuja, na kwamba nauli iliyobaki tumnunulie mdogo wako viatu. Viatu amekwisha kununuliwa. Kwa hiyo sasa nataka kujua ulichokuwa unamaanisha. Kama kweli unatuonea huruma kwa sababu ya fedha, hilo tuachie sisi. Posho ya miezi miwili ilichelewa lakini imefika, na ada yako ya muhula imelipwa yote. Kama unaogopa ziwa, sema, kwa kuwa hata mimi sijawahi kulizoea. Na kama umechoka kufika nyumbani na kukuta chumba kingine, kanisa lingine na watu wanaokuuliza tena unaitwa nani, basi niambie kwamba umechoka, ukae kwa Bibi mle parachichi mpaka mshibe, nami nitakuja huko. Nitaumia kidogo, lakini nitakuwa najua ninaumia kwa sababu gani.

Kwa kuwa nakudai ukweli, na mimi sitakuficha la kwetu. Kuna maneno kwamba mwishoni mwa mwaka tutahamishwa tena, twende bara zaidi, mbali na ziwa. Barua haijaja. Zamani tulikuwa tunawaambia ninyi watoto siku masanduku yanapoanza kufungwa, tukidhani tunawapunguzia mawazo. Safari hii wewe umejua kabla ya wazee wa kanisa.

Mdogo wako anakusalimu sana. Sasa anasema "batoto" na "mingi sana" kama wenzake wa hapa, anahesabu kwa Kifaransa, na anakula bukari, ugali wa huku, na sombe, yaani kisamvu, kuliko alivyokuwa anakula ugali wangu. Amelia mara moja tu, kwa ajili ya baiskeli, na nilimwacha alie mpaka alipomaliza. Ziwa limepanda tena. Mama anayetuuzia samaki amehamishia meza yake upande wa pili wa barabara. Yule kuku wako mwekundu ametotoa vifaranga tisa, wamebaki saba.

Katika kifurushi kuna kitenge cha Bibi, kile cha bluu, na ndakala wakavu, dagaa wa huku, niliowafunga mara mbili ili wasinukishe daftari zako. Sweta ni la kwako. Limeshonwa tena kwenye kiwiko. Fedha nimemtumia Bibi kwa simu, atakupa 15,000 za sabuni na matumizi madogo, na umwambie kama hazitoshi.

Jumapili ijayo nimemwomba matroni akupe simu wewe wa mwisho, wenzako wakishamaliza, ili asiwepo mtu wa kukuharakisha. Nitakuuliza umelalaje wiki hii. Usianze kwa kumuuliza baba yako hajambo. Yeye atakuwa amekaa hapa pembeni yangu, anasubiri jibu.

Mimi mama yako