Zimeni sauti, angalieni mikono

Ndugu Mhariri, salaam.

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji mwenzangu aliyesema hizi video za zamani za Waingereza zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni propaganda tupu ya mkoloni na anayezirusha anawatukana wazee wetu. Nusu nakubaliana nae, nusu nakataa kabisa, na hiyo nusu ninayoikataa ndio imenifanya nishike simu usiku huu niandike wakati kesho nina safari ya alfajiri.

Ramadhani iliyopita baada ya futari nilimuwekea babu yangu mzaa mama klipu moja ya miaka ya 50, mgeni wa kifalme anashuka bandarini huku kwetu pwani, mabendera kibao, watoto wa shule wamepangwa juani, wazee wa kanzu na koti, alafu kikundi cha ngoma. Juu yake sauti ya mtangazaji inatiririka kwa kile Kiingereza cha puani. Babu ujana wake wote alikuwa mpiga ngoma. Akatazama kidogo, akaguna, akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Ya tatu akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa hawapigi hiyo ngoma."

Nikamwambia babu, si unawaona wanapiga?

"Wanapiga, ila sio hiyo unayoisikia wewe. Mtazame huyu wa chapuo, anapiga mara tatu anapumzika, unasikia mapumziko hapo? Na huyu wa msondo kashanyanyua mikono juu na ngoma bado inalia, anaipiga nani, jini?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, lakini mzee alikuwa sahihi. Nikaanza kufuatilia na kumbe ndio ilivyokuwa kawaida ya yale makampuni ya Waingereza yaliyotengeneza hizi filamu fupi za habari za kuonyeshwa sinema. Mpiga picha akienda mbali alibeba mara nyingi kamera isiyonasa sauti, anapiga mkanda wake anaupakia kwenye ndege pamoja na karatasi ya maelezo, ukifika London unasafishwa, unakatwa ubaki dakika moja au mbili, alafu mtu ambae hajawahi kukanyaga Tanga wala Mombasa anausomea maneno, na ngoma na vigelegele na makofi vinatolewa kwenye maktaba yao ya sauti vinabandikwa. Yaani ile dharau mwenzangu anayoilalamikia ipo kwenye sauti. Wale watu kwenye picha hawakusema hata neno moja katika yale.

Na msidhani walitufanyia sisi peke yetu. Ile puto kubwa la Wajerumani, Hindenburg, lililoungua Marekani tarehe 6 Mei 1937 wakafa watu 36, kila mtu ameiona ile klipu na yule mtangazaji anayelia. Yule alikuwa mtu wa redio, Herbert Morrison, anarekodi kwenye sahani ya santuri, na wapiga picha wa sinema walikuwa na shughuli zao pembeni. Sauti yake na zile picha vilikuja kuungwa baadae, na leo tunaviona kama kitu kimoja.

Picha nayo sio malaika, nakubali. Fainali ya kombe la FA 1923, ya kwanza kuchezwa Wembley, watu walifurika mpaka katikati ya uwanja na polisi mmoja akawarudisha nyuma na farasi wake taratibu mpaka mechi ikachezeka, Bolton wakawafunga West Ham 2-0. Mpaka leo inaitwa fainali ya farasi mweupe. Sasa farasi mwenyewe alikuwa wa kijivu! Filamu ya siku zile ndio ilimfanya mweupe. Hapo utaona kwanini magrupu yetu yanachanganya sherehe za uhuru, maana bendera zote zinatoka nyeusi na kijivu, alafu Philip mume wa malkia alikuja kwa zote tatu, Dar Desemba 1961, Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963 na Nairobi siku mbili baadae. Mtu anaona Mzungu yule yule mwenye sare, bendera inashuka, nyingine inapanda, basi anaandika juu yake "Uhuru wa Tanganyika" na kurusha. Nimeshagombana na shemeji yangu juu ya moja ambayo nina uhakika ni Nairobi, mpaka leo hajakubali.

Lakini ukizima sauti ukaangalia tu, mashallah, kuna vitu. Abebe Bikila, yule Muethiopia, marathoni ya Olimpiki Roma 1960 anakimbia peku usiku, askari wamesimama kandokando ya barabara na mienge ya moto kumulika njia, na yeye anapita na uso mtulivu kama mtu aliyetumwa sukari dukani, masaa mawili, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Pale mtangazaji wa nini? Au mzee wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Mexico 1968, anaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda, watu wengi wameshaondoka. Dunia inamjua kwa jina mpaka leo kwasababu kuna kamera ilikuwa bado haijafungwa, na kuna mtu alijali kuandika yule ni nani.

Yule wa chapuo hana jina. Nilisoma maelezo chini ya ile klipu, mgeni ametajwa, mkewe ametajwa, gavana ametajwa, waliobaki wote wameandikwa tu "wenyeji wakicheza". Babu aliwatambua wawili! Mmoja alisema ni mtoto wa seremala wa mtaa wa nyuma na baadae alienda kuwa utingo wa malori, mwingine akamtaja jina lake, la babake na ukoo wake na kwamba aliwahi kumkopa babu shilingi nne, hakulipa. Nikaandika kwa wale wenye klipu kwa imeili kuwapa hayo majina mawili (deni sikulitaja), mwaka unakwisha hawajajibu.

Sasa Mhariri ndio naja kwenye ombi. Kampuni ya British Pathé, mojawapo ya yale makampuni ya filamu za habari, peke yake iliweka filamu 85,000 YouTube mwezi wa nne 2014, mwaka uliofuata wenzao wa Movietone na shirika la habari la AP wakaweka zaidi ya laki tano na nusu za kwao, na humo za kwetu zipo, huhitaji visa wala barua ya utambulisho, unahitaji bando tu. Wanaoweza kusema huyu ni fulani wanazikwa kila mwezi. Gazeti likubaliane na wenye picha (najua wanalipisha, ila picha moja tuli sio sawa na kununua filamu nzima), mchape moja kwa wiki, kubwa, bila yale maneno ya mtangazaji, mwaka na mahali tu, alafu muulize wasomaji wanamjua nani hapo. Hata robo ukurasa inatosha, pale mnapoweka nyota za bahati ambazo mkisahau kuziweka hakuna atakaelalamika.

Babu anasema kwenye kile kikundi bado watatu, anahisi atawapata akiletewa picha inayozidi kioo cha simu. Ila ichapeni Jumapili, maana Jumapili ndio siku gazeti linamfikia.

Msomaji wenu, Tanga