Hoteli ya barafu haiwezi kuhamishiwa Kibo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba Tanzania ijenge hoteli ya barafu juu ya Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa Waswidi wamejenga ya kwao na wageni wanamiminika kutoka pande zote za dunia. Nia yake ni njema, na sina shaka kwamba anaitakia nchi yake heri. Hata hivyo, mimi ninaishi kaskazini mwa Uswidi na nimewahi kulala katika hoteli hiyo anayoisifia, hivyo naona ni haki wasomaji waelezwe jinsi inavyojengwa na jinsi usiku wake ulivyo, kabla wazo hilo halijapata wafuasi wengi.

Hoteli hiyo ipo Jukkasjärvi, kijiji kidogo kando ya Mto Torne, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Kiruna wenye machimbo makubwa ya chuma, na kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Zamani wageni walifika huko wakati wa kiangazi tu, kuvua samaki na kushuka na mto kwa mitumbwi, na baridi ilipoingia, majira ambayo kwa wiki kadhaa jua halichomozi kabisa, biashara ilisimama. Yngve Bergqvist, aliyekuwa akiendesha shughuli hizo za mtoni, ndiye aliyeamua kuifanya baridi yenyewe kuwa kivutio. Mwaka 1990 msanii Mfaransa, Jannot Derid, alionyesha kazi zake katika ukumbi uliojengwa kwa theluji kijijini hapo, na baadhi ya wageni wakaomba walale humo humo, juu ya ngozi za reindia, mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini huko. Waliamka salama wakiwa na furaha, na hoteli ikaanzia hapo.

Jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa, na ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote, ni mto. Majira ya baridi yanapokaribia kwisha, barafu juu ya Torne huwa imefikia unene wa karibu mita moja, nao mafundi huikata kwa misumeno mikubwa ya mitambo, wakatoa mabonge ya mraba yenye uzito wa takriban tani 2 kila moja na kuyahifadhi katika ghala la baridi wakati wote wa kiangazi. Kwa kuwa mkondo unaendelea kupita chini ya barafu inapoganda, mapovu ya hewa hayanaswi ndani yake, na bonge linatoka angavu kiasi kwamba ukisimama upande mmoja unaona vidole vya mwenzako aliyeshika upande wa pili. Baridi inaporejea, theluji nzito iliyochanganywa na barafu hupulizwa juu ya kalibu za chuma zenye umbo la tao. Ikishashikamana, kalibu huondolewa na tao linabaki limesimama lenyewe. Hapo ndipo wasanii waliochaguliwa kutoka nchi mbalimbali huingia na patasi zao, kila mmoja akichonga chumba ambacho hakifanani na kingine. Milango hufunguliwa katikati ya Desemba. Jua la Aprili linapopata nguvu, kuta huanza kutoa jasho, na maji yote hurudi katika mto uleule yalikotoka.

Kuhusu usiku wenyewe, wengi hudhani kwamba mtu hulala akitetemeka hadi asubuhi. Sivyo. Ndani ya vyumba vile kipimajoto husoma kati ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri, hata kama nje kumefika nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa sababu theluji hufungia hewa nyingi ndani yake na hewa hiyo huzuia baridi kali isipenye. Mizigo huachwa katika jengo lenye joto, ambamo pia mna vyoo na mabafu, kwani chumba cha barafu hakina maji wala mlango, kina pazia tu. Kabla ya kulala mhudumu hutuelekeza kwa makini: nguo za ndani ziwe za sufu, wala si za pamba inayoshika jasho, kofia isivuliwe, nguo za kesho yake ziingizwe ndani ya mfuko wa kulalia ili zisikutwe zimekakamaa. Kitanda kimechongwa kwa barafu, lakini juu yake kuna mbao, godoro na ngozi za reindia, kwa hiyo mwili haugusi barafu mahali popote.

Kilichonishangaza zaidi ni kimya. Kuta za theluji humeza sauti zote, hata nikawa nasikia damu ikipita masikioni mwangu. Taa ndogo iliyofichwa nyuma ya ukuta wa kichwani ilionyesha ufa mwembamba ndani ya barafu, uliojipinda kuelekea darini, nikaufuata kwa macho muda mrefu kabla usingizi haujanichukua. Alfajiri ukingo wa mfuko wa kulalia, pale pumzi yangu ilipokuwa ikigonga, ulikuwa umejaa chembechembe nyeupe zilizoganda. Muda si mrefu mhudumu aliingia na kikombe cha maji moto ya lingoni, tunda dogo jekundu la porini lenye ukakasi, ambalo ladha yake ilinikumbusha ukwaju. Nimelala katika hoteli nzuri nyingi maishani, lakini sijawahi kulala mahali palipojengwa kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho.

Sasa nirejee Kibo. Barafu ya Torne ni mazao ya msimu: wakiikata mwaka huu, mto utaganda tena mwaka ujao. Barafu ya Kilimanjaro ilijikusanya kwa karne nyingi, na zaidi ya asilimia 80 ya eneo ililolifunika mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Kuichonga iwe vitanda ni kuharakisha kifo cha kitu ambacho hakuna majira ya baridi yatakayokirudisha. Tena Jukkasjärvi haipo juu mlimani. Wazee na watoto hulala pale bila shida ya kupumua. Kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi humpa mtu takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata pwani, ndiyo maana wapandaji hufika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, asubuhi, wakapiga picha na kushuka upesi. Anayetaka watalii walale huko usiku kucha kwa starehe hajazungumza na waongoza wageni wanaowashusha wagonjwa kwa machela.

Huenda mtu akasema kwamba barafu inaweza kutengenezwa kwa mitambo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 sehemu ya hoteli ya Jukkasjärvi hubaki wazi mwaka mzima, ikipozwa kwa msaada wa umeme wa paneli za sola katika majira ambayo jua halizami. Lakini pale kuna barabara, gridi ya umeme na uwanja wa ndege hapo Kiruna, na barafu yenyewe bado ni ya mto. Kuyafikisha hayo juu ya hifadhi iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1987, mahali ambapo kila kilo hupandishwa kwa mabega ya wapagazi, ni jambo ambalo mimi nalipinga kabisa.

Kama tunataka kujifunza kutoka kwa Waswidi hao, tulichukue swali la Bergqvist na kuiacha barafu yake. Yeye aliyatazama majira ambayo kila mtu aliyahesabu kuwa mabaya na kujiuliza yana nini ambacho kiangazi hakina. Nasi tunayo masika, ambapo kambi nyingi za kitalii hufungwa na wafanyakazi kurudishwa makwao bila mshahara, ilhali ndiyo miezi ambayo mito imejaa na nchi yote ni kijani. Natamani sana kusoma mapendekezo ya wasomaji kuhusu miezi hiyo.

Na iwapo gazeti lako litauendeleza mjadala wa Kibo, ninaomba kwanza mwandishi wenu aende Marangu au Machame akawaulize wapagazi wenye umri mkubwa barafu ilikuwa ikiishia wapi walipoanza kazi, na leo inaishia wapi, kisha majibu yao yachapishwe pamoja na barua zetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu, Luleå, Uswidi